Dar Niliyoijua Kutoka Dirishani Mpanda

Neema, anayekalia sasa kiti changu kwenye dirisha la tiketi stendi ya Mpanda, ameniomba niwaandikie vijana wa ofisi mambo ya kazi "kabla hujasahau, Bi Skola." Nimemwambia kwamba mtu aliyekaa dirishani miaka ishirini na nane hasahau kitu isipokuwa namna ya kukaa nyumbani. Hii ni wiki ya sita tangu nistaafu na bado naamka alfajiri, navaa, nachukua mkoba, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka sina basi la kuondosha. Basi nakaa naandika.

Sitaandika habari za vyeo, maana dirisha lilikuwa moja na mimi nilikuwa ndani yake. Mshahara nao tuuache upumzike, hata enzi zake haukupenda kusumbuliwa. Nitaandika jinsi nilivyowaelekeza watu wa mkoa huu kwenda Dar es Salaam, wakakaa kule kwa hela kidogo na kurudi na akili zao, nguo zao na zawadi za watoto. Na nitaandika jambo moja lililonikaa kooni miaka yote hiyo kama mwiba wa samaki: mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kufika Dar.

Nilitoka Mamba, kule Mpimbwe, na cheti cha kidato cha nne, viatu vya kuazima na woga wangu mwenyewe. Aliyenipokea alikuwa Mzee Rajabu, mkatisha tiketi wa siku nyingi, mtu wa kanzu ya kijivu na miwani yenye mguu mmoja wa uzi. Zamani alikuwa na duka la vitambaa pale mjini. Alisema aliliacha kwa sababu mteja wa kitambaa hugusa sana na kununua kidogo, wakati mteja wa basi hagusi kitu, ananunua na kuondoka. Alinikabidhi vifaa: kitabu cha tiketi chenye kaboni, muhuri, kalamu ya wino iliyofungwa mezani kwa kamba ya kiatu, na penseli fupi. "Bonyeza kalamu mpaka nakala ya tatu isomeke," aliniambia. "Hiyo ndiyo anayoishika kondakta, na kondakta asiyeona namba hukalisha watu wawili kiti kimoja, halafu lawama zinarudi kwako."

Abiria wangu wa kwanza alikuwa mama wa kijijini Kasokola, anamfuata binti yake aliyejifungua Dar. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili akaniuliza, "Mwanangu, wewe huko umeshafika?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Lakini macho yake yalikuwa yananiomba, na mdomo wangu tangu utotoni una tabia ya kunitangulia. "Nafika kila mwezi, mama," nikasema.

Akashusha pumzi, akacheka, akafungua fundo la kanga akalipa. Kisha akauliza atalala wapi kama binti hatamkuta stendi, na mimi, mwenyeji wa Dar wa kila mwezi, nikamjibu, "Ukifika utaona tu."

Mzee Rajabu alikuwa nyuma yangu anapanga risiti na alisikia yote. Alisubiri mpaka wakati wa chai. "Umedanganya vizuri," akasema, "ila umedanganya mikono mitupu. Mtu anakuuliza pa kulala, unampa hewa." Kesho yake alikuja na daftari kubwa la jalada gumu, akalitua mezani. "Uongo wa jana siwezi kuurudisha, abiria ameshaondoka nao. Kazi yako sasa ni kuulisha ukweli kila siku, mpaka unenepe."

Akafungua ukurasa wa kwanza, akachukua ile penseli fupi akaandika kwa mwandiko wake wa duka: *Skolastika hufika Dar.* Chini yake akaongeza: *Shahidi mmoja, yeye mwenyewe.* Akanifundisha sheria ambayo nawaachia nyie kama ilivyo. Habari ya shahidi mmoja inaandikwa kwa penseli. Ikifikisha mashahidi watatu, inapitiwa kwa wino. Ya penseli usimwambie abiria mpaka umemwambia pia kwamba ni ya penseli.

Mashahidi tuliwapata kwa njia ya Mzee Rajabu mwenyewe, aliyoiita ushuru wa habari. Kila aliyerudi kutoka Dar alipitia dirishani kabla hajaenda kwake, na alitoa jambo moja jipya alilojifunza kule: pa kulala, pa kula, pa kukwepa. Jambo la zamani halikupokelewa. Watu waliupenda ushuru huu kuliko ushuru wowote niliowahi kuuona mkoani. Walipanga foleni na mabegi yao kichwani, wana vumbi mpaka kwenye kope, wanagombania nani aanze. Mtu alikuwa hajamsalimia mkewe lakini ameshanieleza bei ya mihogo ya Dar.

Mtauliza Mzee Rajabu mwenyewe alikuwa anaijua Dar? Alifika mara moja, kutibiwa macho. Alitoka stesheni na bandeji, akarudi stesheni na bandeji. Kwa hiyo wataalamu wa jiji pale stendi yetu tulikuwa wawili: mmoja aliyelinusa bila kuliona, na mwingine aliyekuwa hajafika hata mlangoni. Na bado foleni ilikuwa inazunguka mpaka kwa muuza chapati!

Kwa nini sikwenda? Ya kwanza, sikukuu za watu ndizo siku za kazi za mkatisha tiketi. Ya pili naiandika kwa aibu: basi linanitapisha. Nimeuza viti vya basi miaka ishirini na nane na siwezi kukikalia kimoja kufika hata Inyonga, saa chache tu kutoka hapa, bila mfuko mkononi. Ya tatu ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Mwaka wa kwanza ningeweza kwenda kimyakimya. Kufikia mwaka wa kumi, dereva gani angenipeleka asione kwamba Bi Skola wa Dar anauliza "hapa ni wapi" kila kituo? Nilijifungia mlango mwenyewe na ufunguo nikaumeza.

Basi nikalilisha daftari. Yaliyofika kwenye wino ni mengi, nawapa machache ambayo hayajachacha mpaka leo. Usiende kwa ndugu mikono mitupu. Kilo kumi za mchele wa Mamba, au galoni la asali, zinafungua mlango kabla hujabisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Dar hakuna jembe, kwa hiyo ya tatu shika ndoo na vyombo, na ya tano tafuta gesti mnapendana bado. Chakula kale pale wanapokula makuli, maana mtu anayebeba magunia hawezi kudanganywa kwa sahani ndogo. Kariakoo nendeni wawili, mmoja wa kukipenda kitu na mwingine wa kukidharau. Basi la mwendokasi usipande asubuhi kuelekea mjini wala jioni kutoka mjini. Wenyeji wanawahi kazi, wewe unawahi nini? Ghorofa zihesabiwe ukiwa umekaa, kamwe si ukiwa unatembea. Na ukitaka kupanda chombo cha baharini, usidanganywe na mashua za watalii. Nenda Feri upande pantoni ya Kigamboni, nauli yake haifiki bei ya chapati, na bahari utakayoiona ni ileile.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mzee Ng'wandu, mfugaji wa Mwamkulu ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Usukumani, alikuja kuuliza safari ya wiki moja Dar ni sawa na ng'ombe wangapi. Mjukuu wake alikuwa anamaliza chuo. Hakutaka nimtajie shilingi, shilingi alisema zinabadilika kila siku wakati ng'ombe ni ng'ombe. Nikalifungua daftari, nikapiga hesabu ya gesti, ya mama ntilie na ya pantoni, nikamwambia, "Mmoja, mzee. Tena mchague asiyependwa sana."

Alirudi baada ya siku tisa akiwa na chenji. Nikamwambia atoe ushuru. Alihesabu chenji yake upya mpaka watu nyuma wakaanza kukohoa. "Mwanangu," akasema, "maji yote yale, na hakuna hata ng'ombe mmoja anayekunywa!" Alikuwa ameyaonja, akayatema, akawahurumia watu wa Dar kwa moyo wake wote. Mzee Rajabu alicheka mpaka ule uzi wa miwani ukakatika. Hiyo haikuhitaji mashahidi watatu, niliiandika kwa wino palepale.

Kosa langu kubwa lilitokana na furaha ya namna hiyohiyo. Jamaa mmoja mcheshi alirudi akatoa ushuru kwamba pantoni ya Feri inafika Zanzibar. Nikasisimka! Zanzibar kwa bei isiyofika chapati! Sikushika penseli, nikaenda moja kwa moja kwenye wino, na wiki hiyohiyo nikamuuzia habari muuza asali mmoja, mjomba wake Masanja. Masanja mnamjua, ndiye mpakia mizigo wetu, mtu wa kubeba pikipiki kama anabeba kuku. Mjomba akapanda pantoni, akashuka Kigamboni, akakaa siku tatu. Aliporudi alinishika mkono kupitia nondo. "Bi Skola, Zanzibar nzuri! Na watu wake wanaongea kama watu wa Dar kabisa!"

Niliujua ukweli baada ya miezi miwili, kutoka kwa mwanafunzi aliyecheka mpaka akakaa chini. Kufikia hapo mjomba alikuwa ameshasimulia Zanzibar kwenye arusi mbili na msiba mmoja, na mtaani kwao wanamwita Mzee wa Visiwani mpaka leo. Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya kisiwa. Ila nililifuta lile neno daftarini kwa wembe, na tangu siku hiyo sikuivunja tena sheria ya penseli.

Wino wa zamani kuliko wote ulikuwa wa gesti ya Manzese. Maelezo yake niliyajua kama sala: shuka Manzese, vuka daraja la juu, ingia mtaa wa vumbi, ukiona mwarobaini mkubwa pinda kushoto, geti la bluu. Usianze kuuliza bei, kwanza tua mchele, msalimie mwenye gesti, ndipo muongee. Mwenye gesti ni Bi Mwanahawa. Sijui ni watu wangapi niliwaelekeza pale, wanakwaya, wagonjwa na wasindikizaji wao, wafanyabiashara wadogo, maharusi. Kwa kuwa wote walifika salama, nikaacha kuuliza habari za mti.

Mzee Rajabu alistaafu, akawa anakuja kunywa chai yake pale ofisini kila asubuhi, mpaka asubuhi moja hakuja. Siku ya maziko yake nilifunga dirisha, mara ya kwanza na ya mwisho kulifunga wakati wa basi la asubuhi. Alipokuwa hai, mara mojamoja alikuwa akilifungua daftari ukurasa wa kwanza, anaangalia maandishi yake ya penseli, ananiangalia mimi juu ya miwani. "Bado shahidi mmoja?" aliuliza. Nilicheka tu. Alikufa kabla sijamjibu, na hilo liliniuma kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote.

Barabara ikaja ya lami, kompyuta ikaja, kaboni ikaenda zake. Watu wakaanza kukata tiketi kwa simu. Hata hivyo walikuja dirishani kuuliza daftari, na Neema aliyeletwa kunisaidia akawa analisoma mpaka chakula cha mchana kinapoa. Yeye ndiye aliyesema wazi kwamba nikistaafu, mashine ya tiketi abaki nayo yeyote, ila daftari abaki nalo yeye. Nilifurahi nikaogopa. Daftari lilisimama juu ya neno langu, na neno langu la kwanza lilikuwa uongo. Likijulikana hilo, nani ataamini ukurasa wa pili?

Siku ya kuniaga ilikuwa na pilau. Nilitegemea kitenge na seti ya sufuria, nikawa nimeshapanga uso wa kushukuru sufuria. Meneja akasimama akasema kampuni imefikiri zawadi inayomfaa mtu kama mimi: safari ya Dar, siku nne, pamoja na Neema na Masanja. "Vijana hawa hawajawahi kufika. Bi Skola atawatembeza, waione Dar kama yeye anavyoijua."

Wakapiga makofi. Masanja akapiga vigelegele kwa sauti ile nene, kila mtu akaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa na nyama mdomoni ambayo haikutaka kupanda wala kushuka.

Siku tano nililisoma daftari langu mwenyewe kama mtoto wa darasa la saba. Kituo, daraja, mtaa, mti, geti. Niliwaza kusema naumwa. Niliwaza kusema ukweli, nikafika mpaka mlango wa ofisi, nikakuta Neema amelifunika daftari kwa jalada jipya la plastiki, nikageuka.

Tuliondoka alfajiri na basi la kupitia Tabora, tukalale Dodoma, kesho yake tuchukue treni mpya ya umeme. Masanja alikuwa na kilo ishirini za mchele begani. Mimi nilikuwa na ndimu sita. Inyonga hatujafika, ndimu tatu zimekwisha na mfuko umetumika.

"Nimekula kitu," nikamwambia Neema.

"Pole, Bi Skola," akasema, akanikatia ya nne.

Jamani, treni! Ile siwezi kuiandika kwa penseli. Haitikisiki, haitapishi, inaingia ndani ya mlima inatokea upande wa pili kana kwamba mlima ulikuwa unaisubiri. Kwenye handaki la kwanza nilipiga kelele. Nikajitetea haraka, "Treni yenyewe mpya, hata mimi ndiyo naipanda!" Lilikuwa neno la kweli, la kwanza katika safari nzima, na nililifurahia mpaka Morogoro. Masanja alikuwa amebandika pua kwenye kioo anahesabu nguzo, na kila nguzo aliipa heshima yake.

Dar tulishuka mchana, jua linawaka na jasho lina haraka. Nikatembea mbele kama mtu anayekwenda kwake. Mwendokasi niliujua kwa maelezo ya mashahidi zaidi ya mia: la Kimara hili, si lile. Tukashuka Manzese, daraja la juu likawepo. Lilikuwepo kweli! Nilitaka kulibusu. Nikapanda ngazi nasikia Neema nyuma anamwambia Masanja, "Umeona? Kama alivyosema." Nikajiona nimeota mbawa.

Upande wa pili, mtaa wa vumbi haukuwepo. Kulikuwa na lami, maduka ya simu na ghorofa. Nikasema, "Wameweka lami," kwa sauti ya mtu aliyekuwepo wakati inawekwa. Tukaingia. Nikatafuta mwarobaini kulia, nikatafuta kushoto. Nikapinda kushoto kwa kubahatisha, tukatokea kwa muuza miwa. Nikapinda tena, tukatokea kwa muuza miwa. Mara ya tatu muuza miwa alitusalimia.

Masanja akatua mchele. "Bi Skola, tupumzike kidogo. Huu mchele naona unaongezeka."

Neema alisogea karibu akashusha sauti. "Mama, tukiuliza mtu kuna ubaya gani?"

Nilikuwa nimefika mwisho wa daftari. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, nikashukuru maana lilificha kitu kingine. Nikafungua mdomo niseme, na hapo bodaboda mmoja akasimama mbele yetu anacheka.

"Nyie mnatoka Mpanda," akasema.

"Umejuaje?" Masanja akauliza.

"Mchele mkubwa, halafu mnaangalia juu. Watu wote wa Mpanda wakifika hapa wanaangalia juu, wanatafuta mti. Huo mti ulishakatwa zamani, mie sijaanza hata boda. Mnaenda Mwarobaini, eh? Nyooka, pinda pale kwenye saluni."

Tukanyooka, tukapinda. Geti lilikuwa la kijani. Juu yake kulikuwa na bango, na kwenye bango, kwa rangi ya mafuta, mtu alikuwa amechora mti mkubwa wenye majani membamba, na chini yake: MWAROBAINI GESTI, KARIBUNI WATU WA MPANDA.

Neema aliniambia baadaye kwamba nilishika ukuta.

Akatoka mama mmoja mnene, amejifunga kanga kiunoni, akaangalia mchele kwanza, kisha sisi. "Wa Bi Skola hao?"

"Bi Skola mwenyewe huyu hapa!" Masanja akanguruma.

Bi Mwanahawa akaniangalia juu mpaka chini. Nilitegemea anikumbatie. Badala yake akaweka mikono kiunoni.

"Ndo wewe," akasema. "Karibu. Ila nina dukuduku lako, shoga yangu, la miaka na miaka. Kila mgeni wako nikimuuliza, huyo Bi Skola haji? ananiambia, anakuja, Dar anakuja kila mwezi. Kila mwezi! Na kwangu hujalala hata siku moja. Nikasema ananiletea wageni wote hawa, yeye mwenyewe analala kwa nani? Nimekukosea nini mie?"

Macho yake yalikuwa na maji. Hilo ndilo lililonimaliza. Kwa vijana wangu ningeweza kudanganya mpaka jioni, nilikuwa na mazoezi. Lakini mama huyu alikuwa amebeba uongo wangu wa asubuhi moja kama tusi, miaka yote, huku akiwapokea watu wangu.

"Mama," nikasema, "sijalala kwa mtu. Sijawahi kufika Dar. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Muuza miwa, ambaye alikuwa ametufuata kuona mwisho wake, alisogea hatua moja mbele.

"Mara ya kwanza?" Bi Mwanahawa akarudia.

"Ya kwanza kabisa. Basi linanitapisha."

Alianza kucheka kwa tumbo, kicheko kikapanda mabega, kikafika kichwani, kanga ya kiunoni ikafunguka. Akanivuta kifuani akapiga kigelegele, majirani wakachungulia. "Hajafika! Ameniletea Mpanda nzima na hajafika!" Na mimi nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Nilikuwa mwepesi kama gunia lililomwagwa.

Nikageuka kwa Neema. Huko ndiko kulikokuwa na hukumu yangu. "Nisamehe," nikamwambia. "Kama hulitaki tena daftari, nitaelewa."

"Bi Skola, nilijua tangu Inyonga," akasema. "Mtu wa kila mwezi hatapiki kabla ya Inyonga. Na huko kwenye handaki, mama, ulinishika mguu mpaka sasa una alama." Kisha akacheka kicheko chake kidogo cha pembeni. "Sasa mtu hajafika, na kila kitu chake kimesimama palepale isipokuwa mti, vumbi na rangi ya geti. Hilo daftari ndiyo kwanza naliamini."

Masanja alikuwa bado anafikiri. "Kwa hiyo," akauliza polepole, "na ile Zanzibar ya mjomba?"

Nikamwambia kesho.

Kesho yake tukapanda pantoni. Bahari niliyoiuza miaka ishirini na nane ilikuwa pale, tena kubwa kuliko bei yake. Nilishika chuma kwa mikono miwili, kama yule mama wa Kasokola alivyoshika nondo zangu, na nilikuwa nacheka peke yangu mpaka watu wakanipisha nafasi. Tulipofika ng'ambo nikamwonyesha Masanja kibao. Akakisoma: Kigamboni. Akakisoma tena. Akakaa juu ya ukingo wa saruji, akacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama anaumwa. Kisha akajifuta uso, akasimama. "Mjomba tusimwambie," akasema. Nikainama ufukweni nikaonja maji. Mzee Ng'wandu alikuwa na haki ya kuhuzunika.

Tulizunguka siku zote nne kwa maelekezo ya daftari. Tulikula na makuli. Kariakoo, Neema alipenda na Masanja alidharau, tukarudi na vitenge vitatu. Siku ya tatu nilimwoshea Bi Mwanahawa vyombo vyote, akanizuia kwa mdomo lakini mikono yake ikanisogezea sabuni.

Niliporudi Mpanda, na ndimu kumi nilizonunua za kurudia zimekwisha, nilitaka kupita moja kwa moja kwenda nyumbani kulala. Neema alikuwa ametangulia kushuka. Nikamkuta ameshaingia ndani ya dirisha, na begi lake bado mgongoni.

"Bi Skola, unapita wapi? Ushuru wa habari."

Nikasimama upande wa abiria. Nondo zile sikuwahi kuzishika kutoka nje, ni za baridi kuliko nilivyodhani. "Andika," nikasema. "Manzese, mwarobaini haupo tena, lakini ukiuliza Mwarobaini, wote wanapajua."

Neema hakuandika hilo kwanza. Alifungua daftari ukurasa wa kwanza kabisa, penye penseli ya Mzee Rajabu, iliyofifia mpaka ikawa rangi ya vumbi. *Skolastika hufika Dar. Shahidi mmoja, yeye mwenyewe.*

"Masanja," akaita, "umemwona Bi Skola Dar?"

"Nimemwona," Masanja akajibu kutoka juu ya basi, anashusha mizigo. "Alikuwa anacheka peke yake."

"Na mimi nimemwona. Pamoja na wewe mwenyewe, mashahidi watatu."

Akachukua kalamu ya wino akalipitia lile neno, herufi kwa herufi, akiufuata mwandiko wa mzee.